Nimeng'oa mti kwenye Neovim yangu, na sijutii

Wasee, leo hakuna simu mpya wala trendi. Kuna swali moja naulizwa kila nikiposti picha ya skrini yangu: "Bro, unatumia plagini gani ya kuonyesha faili kwenye Neovim?"

Jibu fupi: karibu hakuna. Jibu refu linaanzia Dadaab, dukani kwa abti yangu, mbele ya mama mmoja aliyekuwa na hasira ya haki.

Kwanza niwashike mkono wale hawajui tunaongea nini. Neovim ni kihariri cha maandishi kinachoishi ndani ya teminali, lile dirisha jeusi unaloona kwenye sinema mtu akidukua benki. Hakuna vitufe vya kubofya, kila kitu ni kibodi. Baba yake ni Vim, aliyetoka 1991. Neovim mwenyewe alizaliwa 2014. Ukiifungua hivi hivi haikuonyeshi orodha ya faili pembeni kama vile vihariri vikubwa vya siku hizi, ndiyo maana watu hukimbilia plagini.

Na mbona kijana wa Garissa ajisumbue na kitu kama hicho? Kwa sababu laptopu yangu ni mtumba wa RAM 4GB. Nikifungua kihariri kikubwa na brauza pamoja, feni inalia kama jenereta ya Soko Mugdi saa sita mchana. Tuko na mtambo wa sola wa zaidi ya megawati 50 hapa kwetu tangu Desemba 2019, lakini stima bado hupotea, na ikipotea naandika kwa simu ndani ya Termux. Neovim inaingia laptopu, inaingia simu, na haili chaji sana. Kwangu mimi si fasheni, ni hesabu.

Sasa twende Dadaab.

Ile siku ya deni

Abti ana duka la jumla: unga, sukari, mafuta, sabuni, maziwa ya unga. Wateja wake wengi huchukua vitu kwa deni na kulipa mwisho wa mwezi. Mwaka jana nilimwandikia programu ndogo ya Python ya kuandika madeni. Akanilipa 8,000, kazi yangu ya kwanza ya pesa kwa kuandika kodi (si ile ya KRA). Nikajiona injinia kamili.

Siku moja asubuhi akanipigia. Sauti yake haikuwa ya salamu. "Njoo. Mashine yako inasema Mama fulani anadaiwa 6,400. Yeye anasema ni 3,200. Na mimi naona ni yeye anasema ukweli."

Nikapanda gari. Garissa hadi Dadaab ni karibu kilomita 100, na nilipokuwa nangoja gari lijae nikafanya ujinga wa karne. Nilifungua laptopu, nikawasha hotspoti ya simu, nikabonyeza kusasisha plagini zote. Nilikuwa na plagini arobaini na kitu. Konfigi yote niliinakili kutoka kwa jamaa wa YouTube mwenye skrini tatu na taa za zambarau. Plagini zikaanza kushuka moja moja, bando likaisha katikati, gari likaondoka. Nikafunga laptopu bila wasiwasi.

Nafika dukani, huyo mama amesimama kwa kaunta, mikono kifuani. Abti amekaa kimya, na kimya cha abti ni kibaya kuliko kelele. Nafungua Neovim: maandishi mekundu kutoka juu hadi chini. Ile plagini ya mti, ile inayoonyesha folda pembeni, ilikuwa imeshuka nusu. Konfigi ilipofika kwake ikaanguka, na kila kitu kilichofuata kikaanguka nayo. Nabonyeza kitufe cha kufungua mti, hakuna. Nabonyeza tena, hakuna.

Nikakumbuka Vim huja na kionyeshi chake cha faili cha asili, kinaitwa netrw, unakiita kwa `:Ex`. Nikaandika. Hakuna! Kwa nini? Kwa sababu plagini nyingi za mti hukuambia uzime netrw ili zisigongane, na mimi nilizima bila kujua nimezima nini. Yaani nilikuwa nimetupa tairi la akiba kwa mikono yangu mwenyewe, halafu nikaingia barabara ya mchanga.

Ndiyo, najua unachotaka kusema. Ningetoka nje, niandike `ls`, nione faili zote. Kweli kabisa. Lakini jaribu kufikiria vizuri huku mama wa umri wa ayeeyo wako anakutazama kama mwizi. Nilikuwa nimezoea mti mpaka sikujua tena faili zangu zinaitwaje. Nilijua tu "ile ya tatu kutoka juu".

Abti akainuka, akaingia nyuma, akarudi na daftari la karatasi. Lile lile nililomwambia alitupe. Akafungua ukurasa, akafuata mstari kwa kidole: 3,200. Akamwomba mama radhi. Mama akasema yameisha, akachukua sukari kilo mbili, akaenda. Halafu abti akanitazama, akagonga daftari kwa kidole na kusema, "Hii haiombi bando."

Walahi sijawahi kusahau.

Baadaye jioni nilipata kosa lenyewe, mstari mmoja: programu ilikuwa inasoma faili ya madeni mara mbili kila ikiwashwa upya. Kazi ya dakika tano. Lakini hizo dakika tano sikuwa nazo wakati zilihitajika.

Maswali manne kabla ya kuchagua

Watu wakilinganisha hizi plagini huongea ikoni, rangi, na ni ipi ina nyota nyingi GitHub. Sisi huku tuna maswali mengine. Yangu ni manne.

*Moja: bando likiisha, itasimama?* Kitu kinachokuja ndani ya Vim yenyewe hakihitaji kushushwa. Plagini ikishashuka vizuri nayo haihitaji mtandao, shida ni kusasisha. Kwa hivyo sheria yangu: sisasishi siku ya kazi, na sisasishi kwa hotspoti. Kama unatumia lazy.nvim kusimamia plagini, kuna faili yake inaitwa `lazy-lock.json` inayoandika kila plagini iko toleo gani. Ihifadhi. Ukiharibu mambo, `:Lazy restore` inakurudisha pale ulikuwa.

*Mbili: nikikosea, nitarudi?* Hizi plagini si za kutazama tu. Zinafuta, zinabadilisha majina, zinahamisha. Herufi moja mbaya na folda ya mteja imeenda. Netrw huuliza kwanza ukibonyeza `D`, lakini ukikubali, kimeenda, hakuna pipa la taka la kwenda kuokota. Uliza swali hili kabla ya kuuliza rangi.

*Tatu: skrini yangu inatosha?* Mti wa NERDTree au nvim-tree huchukua upana wa herufi 30 hivi pembeni. Kwenye skrini ya yule jamaa wa YouTube hiyo si kitu. Kwenye simu yangu mstari mzima ni herufi 50 hivi nikiishika wima. Mti ukifunguka, kodi inabaki imebanwa kama abiria wa kati kwenye probox.

*Nne: inanifundisha au inanidekeza?* Hili ndilo watu hawapendi kusikia. Chombo kizuri kinakuacha ukiwa na ujuzi unaoenda nao kwa mashine nyingine. Ukikaa kwa kompyuta ya mtu, au ukiingia seva ya mbali, plagini zako hazipo. Utabaki na nini?

Nilivyovijaribu

Nilikaa miezi kadhaa nikijaribu moja moja, kila moja angalau wiki mbili. Haya ni maoni yangu, si fatwa.

NERDTree. Mzee wa miti yote, na watu wengi waliingia Vim kupitia yeye. Unabonyeza `m`, inatokea menyu ya kuongeza, kuhamisha, kufuta, na kila kitu kimeandikwa wazi. Kwa mtu mgeni kabisa ni ya kirafiki. Lakini folda ikiwa kubwa sana unaanza kuhisi uzito, na ile pembeni inakaa tu ikila nafasi hata ukiwa huitaji.

nvim-tree na neo-tree. Hizi ni za Neovim, zimeandikwa kwa Lua, ni nyepesi na zinapendeza. Zinaonyesha hadi ni faili gani umebadilisha tangu uhifadhi wa mwisho kwa Git. Kama unafanya kazi kwenye mradi mkubwa wa kampuni wenye folda mia, na una skrini pana, sina ugomvi na wewe. Mti unakupa umbo la nyumba usiyoijua. Mimi nyumba yangu ina vyumba vitatu, sihitaji ramani ukutani.

Zile za nje: ranger, nnn, lf, yazi. Hizi si plagini kwa asili, ni programu za teminali zenyewe, halafu kuna plagini za kuziunganisha. nnn imeandikwa kwa C na ni ndogo ajabu, kwenye simu inaruka. yazi ni ya Rust, inaonyesha hadi picha kama teminali yako inaweza. Nazipenda kwa kupanga video na picha. Kwa kuandika kodi naona ni kutoka nyumbani kwenda kwa jirani kuuliza sufuria yako iko wapi.

netrw. Ile ya bure iliyo ndani ya boksi. Tuseme ukweli, ina tabia zake. Kuunda faili ni `%`, kuunda folda ni `d`, kubadilisha jina ni `R`, kupanda juu ni `-`. Hapo sawa. Lakini kuhamisha faili ni dansi: unaweka alama kwa `mf`, unachagua folda ya kufikia kwa `mt`, halafu `mm`, na kuna siku inakataa tu kwa sababu inadhani uko folda nyingine. Nimeitukana mara nyingi. Lakini ipo. Kwenye karibu kila seva yenye Vim kamili, ipo.

oil.nvim. Hii ndiyo ilinivunja. Hakuna mti. Unabonyeza `-` (ukishaiweka hivyo), folda inafunguka kama faili ya maandishi ya kawaida, kila mstari ni jina la faili. Unataka kubadilisha jina? Hariri mstari. Kufuta? Futa mstari kwa `dd`. Kuhamisha? `dd` hapa, ingia folda nyingine, `p`. Hakuna kinachotokea kwenye diski mpaka uandike `:w`, na hapo inakuonyesha orodha ya kila inachotaka kufanya na kukuuliza kama umekubali. Kabla ya hapo, umekosea? `u`, mambo yamerudi.

Umeona tofauti? Hujafundishwa lugha mpya. Funguo zile zile unazotumia kuandika kodi ndizo unapangia faili. Na lile swali la pili langu, nikikosea nitarudi, limejibiwa kabla sijauliza.

Msimamo wangu

Kama unaanza, usiweke plagini yoyote ya faili kwa mwezi mmoja. Sitanii. Mwezi mmoja tembea kwa miguu.

Jifunze `:Ex`. Jifunze `:e` na Tab. Jifunze kuandika `:e %:h` halafu Tab, inakupeleka folda ya faili uliyoko. Weka `set path+=**` kwenye konfigi yako, halafu `:find` na mwanzo wa jina na Tab, faili inakuja hata ikiwa imejificha folda tatu ndani. Hakuna kushusha kitu, hakuna bando. Baada ya mwezi utajua majina ya faili zako kama unavyojua majina ya binamu zako, hata wale wa mbali.

Baada ya hapo, kama bado una kiu, weka oil.nvim. Na ukiiweka, jua imechukua nafasi ya netrw kufungua folda, ili siku ikianguka ujue nini kimeanguka. Mti uache mpaka mradi wako mwenyewe ukuombe.

Na andika hii mahali, kwa karatasi ukitaka: `nvim --clean .`

Hiyo inafungua Neovim bila konfigi yako yote, safi kama siku ya kwanza, pamoja na netrw yake. Ningeijua siku ile dukani, ningepata faili kwa sekunde kumi na yule mama angekuwa amerudi nyumbani mapema. Maneno mawili na nukta. Jamaa wa YouTube hakuniambia, na sikumuuliza.

Wale watakaonipinga

Kuna wale wa "netrw ni takataka ya zamani". Umri si kosa. Vim ilitoka 1991, mwaka ule ule kambi za kwanza za Dadaab zilifunguliwa, na zote mbili bado ziko na watu ndani. Na kuna undugu hapa wengi hawaujui. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeiandika Vim, alijitolea mwaka mzima wa 1994 kwenye kituo cha watoto Kibaale, kusini mwa Uganda, eneo ambalo Ukimwi uliacha mayatima wengi. Hakuuza Vim. Kwa miaka mingi ukiifungua bila faili, skrini ya kwanza ilikuomba usaidie watoto wa Uganda, na pesa za watu dunia nzima zikaenda kule kuwasomesha. Alifariki Agosti 2023. Kwa hivyo ukisema kitu cha bure kwenye boksi ni takataka, angalia kwanza boksi limetoka wapi.

Kuna wale wa "tumia tu VS Code". Kama mashine yako inaibeba, tumia, mimi si polisi. Yangu haibebi. Na simu yangu ndiyo kabisa.

Halafu kuna hoja moja naiheshimu. Dada mmoja anayefundisha vijana kompyuta hapa mjini aliniambia mti humsaidia mwanafunzi mgeni kuona kwamba mradi ni folda ndani ya folda. Bila hiyo picha wengine hupotea na kukata tamaa siku ya kwanza. Ana haki. Nilimjibu hivi na bado nasimama hapo: mwonyeshe mti siku ya kwanza, wiki ya kwanza hata. Lakini usimwache akidhani mti ndio mradi. Mwambie aufunge, aandike kwa mkono faili gani iko wapi. Akishindwa, aufungue tena. Dada akacheka, akasema atajaribu na darasa lijalo.

Ayeeyo wangu alikulia nyumba ya kuhamahama, ile aqal ya fito na mikeka. Anasema ukihama, kila kitu ndani ya nyumba lazima kipate mahali kwa ngamia, na kila mtu lazima ajue kila kifundo kimefungwa wapi, kwa sababu mtafungua gizani. Kitu ambacho hakuna anayejua kukifungua, kinaachwa. Mimi konfigi yangu ya plagini arobaini sikujua hata kifundo kimoja. Sasa ni mistari themanini na plagini tano, na kila mstari naweza kukuambia kwa nini uko pale.

Mwezi uliopita nilirudi Dadaab kumwongezea abti sehemu ya kuchapisha risiti. Nilifungua laptopu kwa kaunta, bila mtandao kabisa, nikabonyeza `-`, nikaingia faili, nikamaliza kabla chai haijapoa. Akatazama, hakusema kitu. Daftari la karatasi bado liko chini ya kaunta, na kila jioni bado anaandika.

Sijamwambia alitupe tena.